Midomo ya Malkia wa Sibari

"Commendatore anafanana na chura aliyevimba!"

Evasio Rabezzana alimwekea mkewe kidole kimoja kwenye kifundo cha mkono, akakibonyeza kidogo. Ersilia akaziba mdomo.

"Nimesema kwa nguvu?"

"Kwa nguvu kiasi," Evasio alijibu huku amemgeuzia uso, maana mke huyu humsikia mtu kwa macho. "Mpaka wapiga fidla kule chini wamecheka."

"Mungu wangu! Na mwenyewe je?"

"Tajiri aliyelipia filamu yote yuko nyuma yako. Usigeuke."

Kidole kimoja kwenye kifundo: hiyo ndiyo ilikuwa lugha yao tangu uchumba. Ersilia alipokonywa masikio na homa akiwa mtoto, na tangu hapo sauti yake mwenyewe haijui. Akidhani ananong'ona, kumbe anapiga ukelele wa wachuuzi wa soko la Porta Palazzo. Watoto wa mtaani walimcheka mpaka akaapa hatasema mbele za watu. Ndipo akaja Evasio na kidole chake. Wengine wote Torino walimwambia nyamaza. Huyu alimwambia punguza tu. Kwa hilo peke yake angemfuata mpaka jehanamu.

Na usiku huu wa Machi 1914, kwenye roshani ya Teatro Aurora, alikuwa amemfuata mpaka kwenye utukufu. Filamu ya mumewe ilikuwa inaoneshwa kwa mara ya kwanza. *Sibari*: saa tatu nzima, mji wa kale mzima wa plasta uliojengwa kando ya mto Dora, halafu mto ukageuzwa kweli ukauzamisha. Kulikuwa na hekalu refu kuliko kanisa la parokia yao. Kulikuwa na farasi waliofundishwa kucheza dansi, kama wale ambao Wasibari wenyewe walisimuliwa kuwa nao. Hakuna mtu Italia aliyewahi kuthubutu kitu kikubwa kiasi hicho, na Evasio alisema amekithubutu kwa ajili ya mtu mmoja.

"Sinema ndiyo tamthilia pekee ambayo mimi na wewe tunaiona sawasawa," alimwambia zamani, wakila chestinati za kuchoma barabarani. "Nitakujengea mji usiodai masikio."

Usione vyaelea, vimeundwa. Ersilia mwenyewe aliuunda mji ule kwa mikono. Alifanya kazi kiwandani, chumba cha wanawake wa kugundisha mikanda, na hakuna kipande cha *Sibari* ambacho hakikupita kwenye vidole vyake, kikapakwa gundi, kikashikana na mwenzake. Lakini kuitazama ikitembea, mumewe alimkataza.

"Nataka uione siku ya kwanza, pamoja na watu," alisema.

Akadhani ni mapenzi.

Taa zilipowashwa kati ya sehemu ya pili na ya tatu, Evasio alikuwa amelowa jasho. Alimsogezea darubini ndogo ya tamthilia.

"Mke wangu, nisaidie. Yule mwenye ndevu, kule ng'ambo. Wa gazeti la asubuhi. Anasemaje?"

Ersilia akatazama. Midomo ya mtu, hata iwe ng'ambo ya ukumbi, kwake ni kitabu kilichofunguliwa.

"Anasema mafuriko yaje upesi, ana njaa."

"Mpumbavu! Na yule mama mwenye manyoya kichwani?"

"Anasema farasi wamecheza vizuri kuliko waigizaji."

"Ha! Na padri?"

"Padri anahesabu mabega ya wazi. Amepoteza hesabu anaanza upya."

Evasio hakucheka. Ersilia akamshika mkono.

"Mpenzi, hekalu nalo ni refu mno. Nilikuambia tangu chumbani kwetu kule kiwandani. Nilipokuwa naligundisha nilisinzia."

"Subiri sehemu ya nne. Subiri malkia. Pale ndipo watakufa."

Taa zikazima.

Mafuriko yalikuja, na kweli watu walisimama. Maji yalibeba nguzo, yakabeba milango, yakabeba watu wanaopunga mikono. Halafu ghafla vurugu yote ikakatika na pazia zima likajazwa na uso mmoja: Isotta Carrer, malkia wa Sibari, ameachwa juu ya paa, nywele zimemganda shavuni, machozi yanamshuka. Ukumbi wote ulivuta pumzi; Ersilia aliona mabega ya watu yakipanda.

Saa hiyohiyo Evasio akamnyang'anya darubini, akamshika kidevu, akamgeuza, akambusu.

Alimbusu kwa muda mrefu. Mke gani atakataa busu la mumewe usiku wa ushindi wake? Lakini Ersilia hakufumba macho. Juu ya bega la Evasio aliiona midomo ya malkia inatembea, na macho yake yakafanya kile yalichofundishwa kufanya tangu utotoni.

Maandishi yaliyoukatiza uso ule kwenye pazia yalisema: *Enyi miungu, upokeeni mji wangu, mnipokee na mimi.*

Midomo ilikuwa imesema: "Evasio, mtoto wako ananicheza tumboni. Utamwambia lini mkeo? Usipomwambia wewe, atasoma hapa."

Wanawake ukumbini walikuwa wanalia na kufuta pua. Evasio akamwachia, akamtazama usoni kama mtu anayechungulia iwapo maziwa yameungua.

"Umeionaje ile ya malkia?" aliuliza.

"Ningeionaje na wewe umenifunika?" Ersilia akajibu.

Akaona mabega ya mumewe yakishuka. Taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. Kama alikuwa na shaka yoyote, mabega yale yaliimaliza.

Mwisho wa filamu nusu ya ukumbi ilisimama kupiga makofi. Nusu nyingine ilikimbilia makoti. Juu kabisa, kwenye viti vya bei nafuu, Ersilia aliona vijana wametia vidole mdomoni, na hakuhitaji masikio kujua kwamba wanampigia mumewe miluzi ya kumzomea. Alishuka ngazi amemshika mkono. Watu walimpongeza. Alitabasamu kwa kila mmoja.

* * *

Asubuhi meza ilijaa magazeti, na kahawa ikapoa bila mtu wa kuinywa.

"Sikia hili," Evasio alisema, uso umemsawajika. "'Saa tatu za mawe na dakika moja ya moyo.' Na huyu: 'Bwana Rabezzana amejenga mji mzima ili mwanamke mmoja alie juu ya paa lake. Angejenga paa tu.' Wanacheka, Ersilia! Jasho langu lote!"

"Na gazeti la padri?"

"Linasema mafuriko yamechelewa, yangekuja kabla ya zile nguo." Akalitupa. "Lakini tazama. Tazama! Wote, hata anayenichukia, wote wanasema malkia. Huyu wa Milano anasema hajawahi kuona uso wa binadamu ukisema ukweli kiasi kile."

"Ukweli," Ersilia alirudia.

"Ndivyo alivyoandika."

Simu ilipolia, Evasio aliruka. Ersilia aliendelea kukaa palepale, akamtazama mdomo. Huwa anapata nusu ya kila simu ya mumewe, na nusu hiyo humtosha.

"Ndiyo, Commendatore... Nimeyasoma... Saa nzima? Unataka nikate saa nzima?... Sawa. Hekalu nitalipunguza... Farasi? Commendatore, wale farasi tuliwafundisha tangu kiangazi!... Sawa. Farasi watoke." Akageuza mgongo kidogo, lakini kioo cha kabati kilikuwa kinamsaliti. "Hapana. Ile hapana. Kata mafuriko, kata hekalu, nikate hata mimi. Sura ya malkia haiguswi."

Baadaye kidogo tarishi akaleta na simu ya maandishi kutoka kwa wenye sinema wa Milano, Evasio akaisoma amesimama mlangoni:

*TUTAIPOKEA IKIWA FUPI. MALKIA ABAKI. BILA MALKIA HATUIHITAJI.*

Akaibusu karatasi. Ersilia akachukua kofia yake.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Delfina," akadanganya, akimtaja rafiki yake wa shule.

* * *

Isotta Carrer alikuwa amepanga chumba karibu na mto Po, mapazia yameshushwa mchana kweupe. Alifungua mlango mwenyewe, bila rangi mdomoni, amevaa gauni pana. Hakushtuka.

"Karibu, signora. Nilijua utakuja."

"Signora wa nini? Wewe na mimi sasa ni wake wenza."

"Signora Ersilia..."

"Kaa kwenye mwanga. Nataka kukuona mdomo."

Isotta akakaa. Alivuta pazia, na kwenye mwanga ule wa Machi alionekana msichana mdogo tu wa Venezia aliyechoka. Ersilia alikuja na matusi yake amejipangia njia nzima, na sasa hakujua yamepotelea wapi.

"Lini anazaliwa?"

"Kiangazi."

"Na nilikukosea nini mimi? Hata mkanda wa gauni lile la kifalme ulipokatika, mimi ndiye niliyekushonea!"

"Hujanikosea. Aliniambia ndoa yenu imekufa. Halafu siku ile ya mkanda nikakuona unavyomtazama, nikajua ameniongopea. Nikamwambia, mwambie mkeo, maana mimi siwezi kujificha maisha. Akasema subiri filamu iishe. Kila siku subiri filamu iishe." Isotta akameza mate. "Nikasema basi, nitasema mahali ambapo hawezi kuninyamazisha. Ninyi mnaosoma midomo ndio mtakaonisikia."

"Kwa nini hukuja kwangu? Nyumba unaijua."

"Nilikuogopa macho."

Ersilia akaketi hatimaye. Swali alilolijia lilikuwa moja tu, na alilishika rohoni tangu jana kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Mto ulikuwa unafurika siku ile. Maji yana kelele. Labda hakukusikia, akaja kuambiwa baadaye."

Ndilo jibu alilolitaka. Angesikia *hapana, hakusikia*, angerudi nyumbani akampikia mumewe.

"Ile hatukuipiga mtoni, signora. Tuliipiga uani kiwandani, juu ya meza mbili. Alikuwa karibu yangu kama wewe ulivyo."

"Akasemaje?"

Isotta akainamisha uso.

"Inua kichwa! Ukiinama mimi sipo! Alisemaje?"

"Alisema: 'Vizuri sana, Isotta. Machozi hayohayo. Usiyafute.'"

"Rudia. Nimesoma vibaya."

"Hujasoma vibaya."

Ersilia akaanza kulia, na Isotta akaanza kulia, na wanawake wale wawili wakalia kila mmoja kwenye kiti chake, wakiwa na sababu moja. Ersilia ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Unakula?" aliuliza.

"Kidogo. Kila kitu kinarudi."

"Kula vijiti vya mkate mkavu asubuhi kabla hujainuka. Dada zangu wote waliponea hivyo."

Akaondoka kabla hajashukuriwa, maana shukrani asingeiweza.

* * *

Alimsubiri Evasio na sahani ya agnolotti, tambi zilizojazwa nyama, wakakaa mezani kama mume na mke. Evasio alikuwa na gundi kucha zote. Alishinda anaikata filamu yake kama mchinjaji anayelia.

"Alhamisi mchana tunaionesha upya," alisema. "Imekonda, Ersilia. Imekuwa nzuri. Uliponiambia hekalu refu ningekusikiliza."

"Alhamisi Delfina anakuja. Anawaleta wote."

"Wote nani?"

"Wenzangu wa shule ya viziwi. Kila Alhamisi huenda sinema, umesahau? Safu nzima ya mbele."

Uma wa Evasio ukasimama njiani.

Alikuwa anaijua hadithi ya safu ile. Shuleni kwao mikono ilikatazwa. Mtoto akisema kwa mikono alichapwa vidole. Walilazimishwa midomo, midomo asubuhi, midomo jioni, mpaka wakawa hawapitwi na neno. Mjini Torino hapakuwa na watu wengine ambao kwao filamu ya Evasio ilikuwa inasema.

"Nimesoma, Evasio," Ersilia alisema. "Usiku ule. Ulinifunika vibaya."

Evasio akawa mweupe kama kitambaa cha meza. Halafu akateleza kutoka kwenye kiti, akapiga magoti, akamlalia mapajani, na Ersilia akalazimika kumwinua kichwa kwa nywele ili aone anasema nini.

"Nisamehe. Nisamehe mke wangu. Shetani tu. Yule msichana..."

"Msichana usimtaje. Nimetoka kwake. Amenieleza ulivyomwambia asifute machozi."

Pale Evasio alilia kweli.

"Niliikata," alisema. "Naapa niliikata! Mara ya kwanza nikaitupa kwenye pipa. Nikapiga nyingine, akasema maneno yaliyoandikwa, akalia vizuri, lakini ilikuwa imekufa. Nikaitoa kwenye pipa. Ersilia, wewe unajua. Wewe unajua mkanda. Ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kufanya ambacho kina uhai!"

"Na ukanipa mimi niigundishe."

"Picha iliyosimama haisemi. Nilijua hutaona."

"Haya. Nisikilize. Wewe una masikio." Alishindwa kujua kama ananong'ona au anapiga kelele, na kwa mara ya kwanza hakujali. "Sina mtoto, na wewe una mtoto. Hilo limeshatokea, hatuwezi kulirudisha kwenye pipa. Mtoto tutamtunza, wala mama yake hatatupwa. Hayo nitayameza, naona nitayameza, nikiwa nawe. Lakini sitaki wenzangu wasome aibu yangu ukubwa wa ukuta. Wale ndio watu wangu. Nimewaambia maisha yangu yote kwamba mimi nimepata mume aliyenijengea mji. Ikate kabla ya Alhamisi."

"Commendatore..."

"Ikate, nibaki. Ukiiacha, nimeondoka. Sina neno jingine."

Evasio alimtazama. Akaenda ukutani palipokuwa na picha ya marehemu mama yake, akaweka mkono juu.

"Kwa kaburi la mama. Nitaikata kwa mkono wangu mwenyewe."

"Nije nikusaidie? Mimi nina mkono mwepesi."

"Hapana. Uchafu ni wangu."

Akamwekea kidole kwenye kifundo cha mkono, hakubonyeza, alikiacha tu pale. Ersilia akamruhusu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mwanamke huyu alikuwa bado anampenda mume wake. Usiniulize kwa nini.

* * *

Alhamisi Teatro Aurora ilijaa. Safu ya mbele ilikuwa mikono tupu inaruka: hapa hakuna mwalimu wa kuwachapa. Delfina, mshona glavu, rafiki yake wa tangu kitanda cha bwenini, alimsukuma kwa kiwiko.

"Umekonda," alisema kwa mikono. "Utukufu haukulishi?"

"Nyamaza utazame," Ersilia akamjibu kwa mikono.

Filamu ikaanza, na Ersilia akaona kweli amekata. Hekalu lilipita kama dirisha la treni. Farasi hawakucheza, walionekana mara moja tu, wamesimama zizini. Kila kipande kilichopungua kilimpa nguvu. *Amekata hiki. Amekata na kile, alichokuwa anakipenda hivyo. Basi na ile ameikata.* Watu walikuwa wametulia. Hakuna aliyepiga miayo. Alijikuta anamwonea fahari. Aligeuka akamtafuta, akamwona amesimama pembeni ukutani, mikono kifuani, uso uko kwenye pazia. Akampungia. Evasio hakumwona.

Maji yakaja. Nguzo zikaanguka. Ersilia akashika mkono wa kiti.

Uso wa malkia ukalijaza pazia.

Haukukatwa. Ulikuwa umerefushwa. Yale maandishi ya miungu, yaliyokuwa yanaukatiza katikati, ndiyo aliyoyatoa Evasio, ili uso ukae, usibanduke, machozi yashuke mpaka kidevuni, na midomo iseme mpaka mwisho bila kuingiliwa na mtu.

"Evasio, mtoto wako ananicheza tumboni. Utamwambia lini mkeo? Usipomwambia wewe, atasoma hapa."

Nyuma yake ukumbi mzima ulikuwa unalia kwa raha. Safu ya mbele mikono yote ilisimama hewani. Kisha vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, vikamtazama yeye.

Delfina alichelewa kupata mikono yake. "Evasio yupi?" aliuliza. Halafu: "Ulijua?"

"Nilijua," Ersilia alijibu. "Mimi ndiye niliyeigundisha."

Akainuka.

Alipanda kwenye kijukwaa kidogo cha mbao mbele ya wapiga fidla, mwanga wa mashine ukamwangukia usoni, uso wa malkia mgongoni pake. Watu wakaanza kupunga mikono: kaa chini, kaa chini! Tangu utotoni hakuwahi kusema mbele ya kadamnasi. Akafungua kinywa.

"Haombi miungu huyu!" alisema. "Ninyi mnalia hamjui mnalilia nini. Nitawasomea!"

Aliona pinde za fidla zikisita, moja, nyingine, zote zikatua magotini. Akajua sauti imetoka, na imetoka kubwa.

"Anasema: Evasio, mtoto wako ananicheza tumboni! Anasema: utamwambia lini mkeo!"

Evasio alikuwa anakuja anakimbia, anakanyaga miguu ya watu. Alipanda kijukwaa, uso umempasuka kwa hofu, akamshika mkono. Halafu akafanya kitu ambacho Ersilia hatakisahau mpaka anaingia kaburini. Alimwekea kidole kwenye kifundo, akakibonyeza.

*Punguza sauti.*

Ersilia akakitazama kidole. Kilikuwa na gundi.

"Wewe ndiye mwenye masikio, Evasio," akasema, na mpaka mtu wa juu kabisa, kwenye viti vya bei nafuu, alilisikia kila neno. "Ulisikia siku ile. Sikia na leo. Mkeo ni mimi, na nimeshasoma."

Akaung'oa mkono wake, akashuka. Safu yote ya mbele ikainuka pamoja naye, wakatoka nje kwenye jua la alasiri wakiwa kimya kabisa, mikono mifukoni, kama watu wanaotoka mazikoni.

* * *

Torino nayo, ukiitikisa tu, inasema wiki nzima. Magazeti yaliyogawanyika juu ya filamu yaligawanyika tena juu ya mke. Moja lilimwita kichaa. Lingine likasema hatimaye *Sibari* imepata mwigizaji mwenye sauti. Siku mbili watu walijaa Aurora kukodolea macho midomo ya Isotta, kila mtu anajifanya anasoma. Kisha mke wa Commendatore akasema aibu hiyo haitabaki na jina la mumewe, na Commendatore akaamuru ikatwe.

Ilikatwa. Bila uso ule *Sibari* ilikuwa mawe na maji. Milano waliikataa. Kufika Pasaka ilikuwa inaoneshwa vijijini kabla ya wacheza vikaragosi, na plasta ya hekalu kando ya Dora watu wakaichukua kuzibia mabanda ya kuku.

Ersilia alikuwa amehamia kwa Delfina, anashona glavu. Siku moja, kiangazi kikikaribia, mama mwenye nyumba, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, alimpandisha mtu mpaka juu.

Evasio alikuwa amekonda. Mkononi alishika kopo dogo la bati.

"Nimeileta," alisema. "Ile sehemu. Ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera, na nakala zote. Hakuna nyingine duniani. Nimeikata, Ersilia."

"Umekatiwa."

"Ichome ukitaka. Mbele yangu. Halafu turudi nyumbani."

Ersilia akafungua kopo. Akatoa ncha ya mkanda, akauinua dirishani. Isotta mdogo, halafu Isotta mdogo mwingine, na mwingine, mdomo umefunguka nusu, umefunguka kidogo zaidi, umefungwa. Haukusema chochote. Alitazama kwa muda mrefu, kwa jicho la kazi, na ilimuuma kwamba hakupata kasoro.

"Ni nzuri," alisema. "Ulisema kweli. Ndiyo kitu pekee chenye uhai ulichowahi kufanya."

"Ersilia..."

"Si mkanda ninaousema."

Akaukunja mkanda, akaurudisha, akafunga kopo kwa kiganja, akamkabidhi.

"Mpelekee Isotta. Siku zake zimekaribia na yuko peke yake. Mwambie amtunzie mtoto. Atakapokua atataka kuona sura ya mama yake siku ile alipokuwa tumboni, na jinsi alivyokuwa anamsemea."

"Na mimi?"

"Na wewe nenda nalo mlangoni kwake ukabishe. Huko kuna anayesikia."

Evasio alinyoosha mkono, kidole kimoja mbele, kuelekea kwenye kifundo chake. Ersilia akaurudisha mkono wake nyuma. Akafunga mlango, akarudi dirishani kwenye glavu yake aliyoiacha kidole kimoja hakijashonwa.

Kama Evasio aligonga tena, yeye hakusikia.